Nguzo Isiyobeba Kitu

Zimeni hiyo redio, wanangu, mje hapa karibu, na wewe kitinda mimba acha kunipangia mito kama unapanga bidhaa dukani, mgongo wangu umeshakubali ulivyo. Kaeni. Dada yenu mkubwa akae upande huu wenye sikio linalosikia, na kaka yenu akae kwenye kile kiti changu cha kuchorea alichokikwepa miaka kumi, leo hakitamng'ata. Daktari aliwaambia pale mlangoni kwa sauti ya chini, nami nilimsikia vizuri tu: ni suala la siku, na huenda siku yenyewe ni moja. Basi nisikilizeni mpaka mwisho, na anayetaka kulia alie baadaye, maana sina pumzi ya kushindana na kilio cha mtu.

Mnajua ni nani yuko sebuleni. Baba Mdogo wenu amekuja kama ajavyo kila Ijumaa saa nne asubuhi, nami nimewaomba mmpe maji na kumwambia angoje, naye amesema hana haraka, maana tangu nimjue hajawahi kuwa na haraka nami. Hana undugu wa damu nasi, hilo mnalijua. Alikuwa mhandisi wangu, yaani mimi nilichora majengo ili yapendeze, yeye akapiga hesabu ili yasimame. Ninyi mlimkuta akiwa mtu wa koti moja, anayewafundisha hesabu za shule kwenye meza yetu ya chakula, na mkamcheka kwa sababu mvua ikinyesha hakubali kujikinga chini ya kibaraza chochote cha zege, ni bora alowe. Hamkuwahi kumwona akiwa mhandisi. Leo nawaambia kwa nini, kisha mtamwita aingie nimwambie mwenyewe, na nikishindwa, mmoja wenu atamwambia kabla hajaondoka nyumba hii. Huo ndio wosia wangu. Nyumba na vitu vyake nitavisema, lakini hivyo ni makombo.

Binti yangu mkubwa, wewe uliirithi ofisi kabla sijafa, na mwezi ujao unafungua maonyesho ya kazi zangu. Mwaka mzima umenikalia kooni: Baba, ulijifunza kwa nani, Baba, ni nani waliokuathiri. Mabango yako nimeyasoma yote kwa kioo cha kukuzia, na nakiri una kalamu kuliko mimi. Umeandika kwamba nilijifunza kuinua nyumba juu ya miguu kutoka kwa yule mzee wa miwani ya duara, na ni kweli. Umeandika kwamba kuta zenye vitobo na madirisha yenye kope za kukinga jua nilivichukua kwa wale waliojenga kwenye nchi za jua kali, kweli tupu, na kwamba yule aliyeongea na matofali kama mtu na shangazi yake alinifundisha kuheshimu ukuta mzito, kweli pia, ingawa nilichelewa kumwelewa. Hao wote ni wasanifu wa ng'ambo, niliwaona kwenye majarida yaliyofika yakiwa yamechelewa mwaka mzima, kurasa nyingine zimeshachanwa na wajanja wa njiani. Bango la mwisho umeandika kuhusu nguzo. Hapo umekosea, na kosa si lako.

Kila jengo nililochora tangu nikiwa na miaka thelathini na tatu lina nguzo moja isiyobeba kitu. Mnaijua. Iko posta, iko kwenye shule ya viziwi, iko kwenye kituo cha mabasi, na iko hapo nje mbele ya mlango wetu, mlipokuwa wadogo mlikuwa mkiizunguka mkicheza. Imesimama mbele ya mstari wa wenzake, na juu haigusi dari, imeacha nafasi ya kupitisha kiganja. Wasomi wameibatiza nguzo huru. Kijana mmoja wa chuo kikuu ameiandikia kurasa mia mbili akidai nimeitoa kwenye mahekalu ya kale, mwenzake akamjibu kwamba hapana, ninawakejeli walimu wangu, wakavutana mkutanoni mpaka watu wakasahau kwenda kula. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, natabasamu kama bwana harusi. Niliwaacha waongee, na kila walipoongea nilizidi kuwa mkubwa.

Nawe mwanangu wa kiume, uliyekuwa mjenzi wangu, uliniuliza mara moja tu, kwa haki kabisa, pale saiti ya kituo cha mabasi: "Mzee, hii nguzo inabeba nini?" Nikakuzaba kofi. Wewe mtu mzima, baba wa watoto wawili, nikakuzaba kofi mbele ya vibarua wako, ukavua kofia yako ya saiti ukaiweka juu ya mfuko wa saruji, ukaondoka, na tangu siku hiyo umekuwa ukija hapa kama mgeni, unasalimia, unakunywa maji, unaaga. Nimewaambia watu kwamba wewe ni mjeuri. Uongo. Uliuliza swali ambalo kila fundi mwenye akili zake angeuliza, na mimi nilikupiga kwa sababu lilinipata. Nakuomba radhi, mwanangu. Usiniitikie sasa, ngoja kwanza usikie lote.

Mafundi wa zamani waliniita Wembe, na ninyi mkadhani ni kwa sababu ya ulimi wangu. Hapana. Siku hizo hapakuwa na kompyuta. Tulichora kwa wino kwenye karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na ukikosea unaukwangua wino kwa wembe, polepole, unapuliza vumbi, kisha unapasugua pale kwa ukucha mpaka palainike. Wengi walikuwa wakitoboa karatasi na kulia. Mimi nilikuwa naufuta mstari hata aliyeuchora asijue aliuchora wapi. Nilijivunia mkono ule, jamani, nilijivunia kupita kiasi.

Tukapata kazi ya maktaba ya chuo cha walimu, mimi na yeye, kwenye kile chumba chetu juu ya duka la viatu, meza mbili, feni moja ambayo ilikuwa inapuliza upande wake tu na tukawa tunabadilishana meza kila Jumatatu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, kichwa kimejaa picha. Ukutani nilitundika ile picha mnayoijua, ya nyumba iliyojengwa juu ya maporomoko ya maji, vibaraza vyake vya zege vimechomoza hewani bila mguu hata mmoja. Niliitazama asubuhi, niliitazama jioni. Sikujua, kwa kuwa majarida yangu hayakuandika, kwamba vibaraza vile vilianza kulegea tangu mwanzo, na kwamba bwana aliyeichora alitibuana na wahandisi walipotaka kuongeza nondo. Hayo niliyasoma nikiwa mzee, nikaketi chini sakafuni na kitabu mkononi, mama yenu akadhani nimepata kiharusi.

Basi mbele ya maktaba nikachora paa la kivuli, bapa, pana, limechomoza hatua saba kutoka ukutani juu ya mlango. Mwenzangu akapiga hesabu siku mbili, akaweka nguzo. Moja tu, katikati ya ukingo wa mbele, mbele ya mlango wenyewe. Nikamwambia, umenichoma kisu. Akacheka, akasema, "Bwana mkubwa, zege halisomi majarida." Tulibishana wiki nzima, tukanuniana, tukapatana, tukabishana tena. Mwisho nikakubali, kwa mdomo, naye akatia sahihi yake na muhuri kwenye kona ya karatasi. Kesho yake akaletewa habari kwamba mama yake amefariki. Alitoka na mkoba mdogo, macho mekundu, akaniambia pale mlangoni, "Nakuachia kazi, ndugu yangu."

Ilikuwa saa saba mchana, kweupe, chini wanagonga visigino vya viatu. Ramani zetu zilikuwa ndogo, mambo yangu na mambo yake yalikaa karatasi moja. Nguzo ilikuwa kitu kidogo sana pale: kiduara kwenye sakafu, mistari miwili upande wa mbele, kimraba kwenye msingi. Nikachukua wembe mpya. Msinitafutie udhuru, sikuwa nimekunywa, sikuwa na hasira, wala sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa napiga mluzi. Baada ya dakika ishirini nguzo haikuwepo tena na sahihi yake imebaki palepale, nikapeleka karatasi ikatolewe nakala, zikatoka zinanuka amonia, ile dawa ya kunakilia, nikamkabidhi mjenzi.

Nipeni maji kidogo. Kidogo tu, asante, kitinda mimba wangu.

Mtaniuliza kama nilijua. Nilijua nusu, na nusu niliyoijua ilitosha. Yeye alizipanga nondo kwa ajili ya paa lenye mguu mbele, kwa hiyo nyingi alizilaza chini na chache juu. Ukiuondoa ule mguu, nondo nyingi zinatakiwa ziwe juu. Kalazeni ubao kwenye viti viwili, muukalie, halafu mwenzenu achomoe kiti kimoja, mtaelewa bila kwenda chuo. Fundi mkuu, mzee ambaye hakuwahi kuingia darasani, alizitazama mbao kabla hatujamwaga zege, akakuna kidevu, akaniuliza, "Mkubwa, hiki kitu mbona hakina mguu?" Nikamwambia aangalie ramani na sahihi ya mhandisi. Akasema, "Haya, kama mhandisi amesema." Akamwaga.

Mirunda, ile miti iliyoegemeza zege likikauka, ikatolewa, paa likasimama. Watu wakapiga makofi. Gazeti likaja likapiga picha, mama yenu akaja amekubeba mgongoni wewe binti mkubwa, nikasimama chini yake na suti ya kuazima. Hiyo picha umeiweka kwenye bango la kwanza la maonyesho. Iangalie tena ukirudi ofisini, nyuma ya bega langu la kushoto kuna mwanamke ameinama juu ya jiko la mkaa.

Tulimwita Mama Birika. Alikuwa akiwapikia chai mafundi wetu, na saa nne ikifika huwaita kwa kugonga kijiko kwenye kifuniko cha birika, ka-ka-ka, mpaka mwenye deni la kazi anaacha nyundo. Jengo lilipokwisha hakuondoka, wanafunzi wakawa wateja wake, naye akahamisha jiko lake kutoka kwenye banda la mabati akaliweka chini ya paa langu. Nilipomkuta nikamtania, "Mama, umehamia bila kunipa taarifa?" Akanijibu, "Umenijengea kivuli, mwanangu, unataka nani akikalie?" Nilitembea siku nzima na maneno yale kifuani. Mwalimu wangu alikuwa akituambia kwamba jengo zuri utalijua kwa kuona mtu amelikalia bila kuambiwa.

Wiki ya tatu nilipanda ngazi kutazama maji yanayotuama juu ya paa, nikaona ufa, palepale paa linapotokea ukutani. Ncha ya penseli iliingia. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, basi mimi niliuziba! Nilimwita fundi wa plasta, akauziba vizuri, akapaka chokaa, nikamshukuru. Chini yangu nilikuwa namsikia Mama Birika anacheka na wanafunzi. Neno moja tu lilitakiwa, mama, hama. Lakini angeniuliza kwa nini, nami ningejibu nini? Nikashuka ngazi nikamwamkia nikapita.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, majani yakaziba tundu la maji, paa likawa bwawa. Liliporomoka saa nne asubuhi. Nilipofika vumbi lilikuwa limeshageuka tope. Wanafunzi wawili waliojikinga pale walitolewa wamevunjika mifupa, wakapona. Yeye alitolewa mwisho. Birika lilikuwa limesimama pembeni kwenye majani, zima, na chai ndani yake bado ya moto.

Mwenzangu alikuwa bado kwao, akimuuguza baba yake aliyeanguka kitandani baada ya msiba. Tume ya uchunguzi ikamwita. Wakaiweka karatasi mezani, wakamuuliza, sahihi hii ni yako? Akasema ni yangu. Nguzo iko wapi? Akatazama. Nilikuwa nimekaa kando yake, mabega yanagusana. Alitazama, akatazama, akapitisha kidole mbele ya mlango, na kidole chake, wanangu, kilipita juu ya mahali penyewe, kikaendelea. Hakuna hata mjumbe mmoja aliyeinyanyua ile karatasi kuielekeza dirishani. Mwanga ungepita pale ukaonyesha kila nilipokwangua. Nao walitaka karatasi za hesabu zake, naye hakuwa nazo, ilikuwa tabia yake kuzitupa kila kazi ikiisha, akisema ramani ndiyo shahidi. Akawaambia, "Nilikuwa na msiba. Huenda nilisahau." Mtu ambaye sikuwahi kusikia neno huenda kinywani mwake!

Tulipotoka, kwenye ngazi za ofisi ile, akanishika mkono. Akaniambia, "Ndugu yangu, nisaidie. Niliiweka ile nguzo, au niliota? Nakumbuka tulibishana, lakini je, niliichora?" Watu walikuwa wanapanda na kushuka. Nikamjibu, "Kubishana tulibishana. Kuiona kwenye karatasi, sikumbuki." Hivyo tu. Akaniambia asante kwa kumwambia kweli.

Wakamnyang'anya leseni. Mchumba wake akasubiri mwaka mmoja, akachoka, hakuna wa kumlaumu. Mimi nikampa kazi ya kupanga makabrasha ofisini kwangu, na watu wakanisifu, Wembe hakumtupa rafiki yake. Kila Ijumaa anapokaa hapa lazima atalisema neno lile lile, mmelisikia tangu mnanyonya: "Wewe peke yako hukunitupa." Mmekua mkiamini baba yenu ni mtu mwema kwa ushahidi wa huyo mtu. Na kila mwaka, siku ile, huenda makaburini akalifagia kaburi la Mama Birika, akapiga magoti na kuomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya. Mimi humsindikiza. Namshikia ufagio.

Miaka arobaini na nne. Sasa niwaambie kile ambacho hata mama yenu alikijua nusu tu. Tangu siku ile saa nne haijanipita salama. Nasikia kijiko kwenye kifuniko. Ofisini, kwenye mikutano, ndani ya gari, hapa kitandani. Mlidhani nyumba hii haina birika kwa sababu ya ubahili wa mama yenu, masikini, alivumilia utani wenu mpaka anakufa. Mimi ndiye niliyevitoa vyote, nikamwambia tuchemshe maji kwenye sufuria, naye baada ya kuniuliza mara tatu akaacha. Angekuwa anakuja kunilaani, yule mama, nadhani ningemzoea. Hanilaani. Ananiita nikanywe chai kama anavyowaita wengine.

Miaka miwili sikuweza kuchora. Kisha ikaja kazi ya shule ya viziwi, nikachora mlango, na mbele ya mlango, bila kufikiri, nikaweka nguzo. Siku hiyo saa nne ilipita kimya. Nikaketi nikalia kwa raha, nikadhani tumemalizana. Jengo likajengwa, miezi ikapita, akaanza kugonga tena. Nikachora jengo jingine na nguzo nyingine, akanyamaza, akaanza tena. Ndiyo maana ziko thelathini na nane. Hizo ndizo nguzo zangu huru, binti yangu, hizo ndizo kurasa mia mbili za yule kijana. Kwenye bango lako la mwisho, pale ulipotaja mabwana wakubwa, andika kwamba waliomfundisha baba yako kuliko wote ni mwanamke muuza chai na mhandisi aliyepiga hesabu sawasawa. Jina halisi la yule mama nimeliandika nyuma ya karatasi yenyewe.

Karatasi ipo, ndiyo, tume ilipomaliza nayo niliichukua. Sikuwa na moyo wa kuitunza wala moyo wa kuichoma. Iko ofisini nyuma ya ile picha ya nyumba ya maporomoko, ndani ya fremu. Shusheni fremu leo hii, kaka yako akusaidie, ana mikono mizuri kuliko wewe na mimi. Itoeni, muinyanyue dirishani, mtaona wenyewe. Kisha siku ya maonyesho iwe kwenye kioo cha mlango wa kuingilia, jua lipite ndani yake, kila anayekuja aione kabla hajaona kitu kingine. Na kabla ya maonyesho, iende kwenye bodi ya wahandisi pamoja na maneno haya, ninyi watatu mkiwa mashahidi, wamrudishie jina lake kwa maandishi na muhuri.

Unatikisa kichwa, binti mkubwa. Nimekuona, macho bado yapo. Sema. Ofisi itakufa? Huenda ikafa, mwanangu. Watu ishirini wanakula pale, nawajua mmoja mmoja, na wewe umeijenga upya kwa jasho lako wakati mimi nimeshakuwa sanamu la kupigia picha. Nakuonea, naelewa. Lakini la kuvunda halina ubani. Ukiificha ile karatasi utakuwa umeushika wembe wangu, na wembe ndio kitu pekee nisichowaachia. Wala msije mkasema mzee alikuwa anaweweseka. Niulizeni saba mara nane. Hamsini na sita, na aliyewafundisha ninyi yuko hapo sebuleni.

Mengine ni mepesi. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, lakini kitinda mimba, aliyeacha kazi yake ya uuguzi kunigeuza kitandani, akae humu mpaka atakapotaka mwenyewe kutoka, asifukuzwe kwa hila za mirathi. Majarida yangu yaende maktaba ya chuo cha walimu, na yule atakayekuja kuyaazima aambiwe kwamba picha haionyeshi nondo. Meza ya kuchorea ni ya binti mkubwa. Kiti hicho ni cha aliyekikalia. Ile nguzo hapo nje ivunjeni, mwanangu, kwa nyundo yako, uliuliza inabeba nini, basi wewe ndiye mwenye haki ya kuibomoa. Za watu waachieni, watajua wenyewe wakishasoma. Nami mnizike kwenye udongo mtupu, pasiwe na zege juu wala jiwe lililochongwa, na mtu asije akanichorea kaburi.

Ni saa ngapi? Saa nne na robo... Ninyi hamkisikii kile kijiko. Hapana, najua hamsikii. Basi.

Nisogezeeni mikono yenu. Wote. Mkono wako ni wa baridi, binti, usiogope. Mungu awape macho ya kuona ufa na ulimi wa kuutaja siku ileile. Awape kazi zitakazosimama mkiwa hamko, na usingizi wa watu wasio na kitu nyuma ya picha. Mpendane, hata mkigombana mpendane. Mkishindwa kunisamehe, sitawalaumu, ila msinitetee. Mkinitetea mtakuwa... mtakuwa mmeniongezea mzigo. Inatosha. Nendeni mkamwite. Polepole, ana goti baya, mshike kwenye kizingiti.

Karibu... karibu ndugu yangu. Kaa hapo, karibu kabisa. Hapana, usinishike mkono kwanza. Kwanza sikia. Watoto wabaki, nimetaka wasikie. Kimya, usiseme neno lako la kila Ijumaa, leo nakuomba usiliseme. Uliniuliza kitu, siku ile, kwenye ngazi... Ndiyo. Hicho. Nilikudanganya. Uliiweka. Ilikuwepo, ndugu yangu, katikati, mbele ya mlango, na hesabu yako ilikuwa sawa, yote ilikuwa sawa. Ulipokwenda kumzika mama... mimi niliikwangua. Mimi. Hukumuua yule mama. Hujawahi kumuua mtu yeyote. Karatasi ipo, binti yangu atakuonyesha... atakuinulia dirishani.

Mkono wangu huu hapa. Kama bado unautaka.